Gumzo la kikundi: Watu wa Langoni, Lamu

[9:04] Shangazi Mwanaisha: Assalaam aleikum. Jamani kompyuta imelala tangu alfajiri na haitaki kuamka. Skrini nyeusi kama chungu. Nimegonga kibodi nzima, nimesukuma mausi mpaka kiganja chauma

[9:04] Shangazi Mwanaisha: Na orodha ya waalikwa wa harusi imo mle!! Majina 340 na sikuhifadhi

[9:05] Salim: chomoa plagi urudishe. dawa ya mashine ni plagi

[9:05] Athman: USICHOMOE

[9:06] Athman: Shikamoo Shangazi. Usimsikize Salim. Kompyuta iliyolala haijazimika. Majina yamekaa kwenye ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na ramu yayashika kwa umeme kidogo tu. Ukichomoa, umeme waenda na majina yaenda nao

[9:06] Fatma: na umeme wenyewe jana ulikatika mara mbili

[9:07] Shangazi Mwanaisha: Marahaba. Sasa mwanitia tumbo joto

[9:07] Athman: Tazama boksi. Taa ya kitufe yafanyaje?

[9:08] Shangazi Mwanaisha: Yawaka yazima, yawaka yazima, polepole kama kimulimuli

[9:08] Athman: Basi imelala kweli. Bonyeza Caps Lock. Kitaa chake chawaka?

[9:09] Shangazi Mwanaisha: Wapi

[9:10] Athman: Kingewaka ningesema kompyuta iko macho, mgonjwa ni skrini. Hapo ungebonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, picha ikarudi, au ungetazama waya wa skrini umekaa sawa. Lakini hapa kibodi haisikizwi kabisa. Kuna mtu ameigusa?

[9:11] Shangazi Mwanaisha: Hakuna. Ila wiki jana Ami Shee aliitibu ule ugonjwa wa kuamka usiku

[9:11] Athman: Ugonjwa gani tena?

[9:12] Shangazi Mwanaisha: Hukujua? Saa nane usiku skrini yawaka peke yake, chumba chote cheupe. Siku tatu mfululizo. Bibi akaja na tasbihi akaisomea Ayatul Kursi

[9:13] Bibi: Nikaisomea na ikalala.

[9:13] Salim: 😂😂

[9:15] Ami Shee: Ikalala kwa sababu ilikuwa na dakika zake za kulala. Mimi niliandika powercfg /lastwake kwenye lile dirisha jeusi la amri, asubuhi, kabla mtu hajaigusa. Ikanijibu: aliyeniamsha ni mausi. Nikasema leo silali. Nikakaa gizani. Saa nane kasoro, paka huyo, kaingia dirishani, kapita juu ya meza, mkia ukafagia mausi. Taa hiyo!

[9:15] Fatma: jini lenye masharubu

[9:16] Ami Shee: Nikaingia Device Manager, nikafungua mausi, ukurasa wa Power Management, nikaondoa alama ya kuiruhusu iamshe kompyuta. Usiku ule kimya

[9:16] Athman: Mausi peke yake, Ami?

[9:18] Ami Shee: Na kibodi. Nilijiuliza, paka akikanyaga kibodi je?

[9:18] Athman: Haya. Ami umemfungia mlango paka, ukamfungia na mwenye nyumba

[9:19] Athman: Shangazi, kilichobakia ni kitufe cha kuwashia. Kiguse mara moja uachie, kama mtu anayebisha hodi. Usikishikilie! Ukikishikilia sekunde nne tano yazimika kwa nguvu, na hapo ndipo Salim atafurahi

[9:19] Salim: hodi hodi

[9:20] Fatma: taa zimecheza huku kwetu Mkomani

[9:20] Athman: Shangazi?

[9:21] Athman: Shangazi??

[9:22] Shangazi Mwanaisha: IMEAMKA. Yote yapo, mpaka Bi Rukia niliyemwandika mara mbili

[9:22] Athman: Ctrl na S. Sasa hivi, kabla hujamjibu mtu

[9:23] Shangazi Mwanaisha: Nishahifadhi. Mungu akuweke mwanangu

[9:25] Athman: Amin. Sasa pale pale alipoingia Ami, rudisha alama ya kibodi, ya mausi iache. Na usiku usiilaze, iweke haibaneti. Haibaneti yaandika kila kitu kwenye diski kisha mashine yazimika, hata umeme ukatike wakuta kazi yako. Kuamka kwake kwachukua muda kidogo zaidi, na kwa kawaida ni kwa kitufe tu

[9:26] Ami Shee: Kwa hiyo paka akikanyaga kibodi hakuna neno

[9:26] Athman: Hata akitaja herufi zote

[9:27] Bibi: Yeo mumpe vichwa vya samaki. Paka aliyeshiba hapandi mezani.

[9:31] Shangazi Mwanaisha: Nimerekebisha orodha. Salim, wewe na plagi yako nimekuandika sinia la watoto