Tupeane uzoefu: mliowahi kuimba na ndugu wa tumbo moja

BintiLangoni: Hamjambo wapwani. Wiki nzima nasikiliza *Palomino* ya First Aid Kit, hadi jirani ameanza kuitikia dirishani. Ni Klara na Johanna Söderberg, dada wawili wa Stockholm, na hii ni albamu yao ya tano, ilitoka Novemba 2022. Tatu za kabla yake walirekodia Marekani, hii wakarudi kuifanya nyumbani Uswidi. Raha yao inasikika: ngoma zimechangamka, gitaa zinakimbia, na sauti zimeshikana huwezi kupenyeza hata wembe. Nimemkumbuka dadangu tukiosha vyombo uwani, yeye akianza, mimi nadakia juu. Walioimba na ndugu zao, leteni visa.

TwariLaAmu: Mimi na kakangu tumekuzwa na maulidi ya msikiti wa Riyadha, hapa Amu (Lamu). Ndugu akiwa ubavuni wajua atavuta pumzi wapi kabla hajavuta. Nimeshakaa safu moja na mafundi wakubwa wa kaswida, hilo silipati.

SautiYaPili: Kweli kabisa. Tena sababu ipo. Koo na taya za ndugu hufanana, na wamejifunza kusema nyumba moja, kwa hiyo "a" na "e" wanazifungua sawasawa. Watu baki hufanya mazoezi miaka kutafuta kitu hicho.

MzeeMambrui: Sawa, lakini hao Waswidi wanaimba kantri ya Wamarekani. Sisi tuna taarab, tuna vugo la wanawake harusini. Kwa nini tusisifu vyetu?

BintiLangoni: Mzee wangu, shikamoo. Nani amekataza taarab? Mada ni ndugu.

KaloleniAsili: Na ndugu tunao. Bendi ya Them Mushrooms ya hapa pwani ilianza 1972, Teddy Kalanda Harrison na ndugu zake. Jambo Bwana yao imezunguka dunia nzima.

MzeeMambrui: Ule wimbo wa watalii?

KaloleniAsili: Wa watalii ndiyo, na umelisha wanamuziki wangapi pwani hii? Tuheshimiane.

GitaaMalindi: Mada hii imenigusa pabaya, niacheni niseme yote.

Mimi na dadangu tulikuwa tukipiga kwenye hoteli moja ya ufukweni hapa Malindi, wageni wengi Waitaliano. Mimi gitaa na sauti ya chini, yeye juu. Tulipendwa. Jumamosi moja, tumepumzika kabla ya awamu ya pili, meneja akatuita nyuma ya jiko. Akasema, "Sauti zenu hazitofautiki. Kuanzia leo nalipa mmoja." Akacheka. Nikamwambia dadangu tufungashe twende zetu. Yeye akasema Idd imekaribia, wadogo zetu hawana nguo, tumalize usiku huu tutaongea kesho. Tukarudi jukwaani hatujapatana.

Wimbo wa kwanza nikaanza gitaa, lakini koo likagoma, sauti haitoki. Dadangu akanitazama mara moja, akashusha sauti, akaimba sehemu yangu. Sehemu yangu yenyewe, na ile mikato yangu yote. Wageni wakapiga makofi, wanadhani ndivyo tulivyopanga. Meneja amesimama mlangoni ananinyooshea kidole kimoja juu: mmoja. Nikachomoa waya, spika zikapiga kelele watu wakaziba masikio, nikatoka na gitaa mkononi bila mfuko wake. Nilipanda tuktuk hadi nyumbani nikilia mbele ya dereva.

Dadangu alimaliza usiku ule peke yake. Pesa zote akaziweka mezani kwa mama, hakuchukua hata shilingi. Miezi tukawa tunapishana koridoni kama wapangaji. Mama ndiye aliyetupatanisha: alifunga jiko, akasema hapikiwi mtu mpaka tuongee. Tukaongea. Lakini kuimba pamoja, hatujaimba tena.

Sasa dadangu kaolewa Amu, na juzi kanitumia ujumbe: anataka turekodi nyimbo chache zetu wenyewe, za furaha. Sijamjibu. Nifanyeje?

ShelaKwetu: Pole sana kaka. Meneja huyo hakuwa na haya.

SautiYaPili: Nenda kesho asubuhi. Usingoje mkono wako ukae sawa kwenye gitaa.

MamaWatatu: Hapana, asikimbilie. Kwanza waandikishane, nani anapata nini, hata kama ni ndugu. Kilichowaumiza ni pesa, muziki hauna kosa.

TwariLaAmu: Dada mwenye kuweka pesa zote mezani kwa mama unamwandikisha nini, MamaWatatu?

MamaWatatu: Huyo huyo ndiye wa kuandikiwa, asije akadhulumiwa tena na mwingine. Dada wangapi wanaimba na majina yao hayaandikwi popote?

KaloleniAsili: Mpelekee halwa. Ndugu wa kike hakatai halwa.

MzeeMambrui: Mwanangu, mimi sisikilizi kantri, lakini hili nakwambia: usirekodi kwanza. Kaeni barazani bila spika wala mtu wa kulipa, muimbe mpaka koo lirudi. Na muingize taarab moja.

BintiLangoni: Mzee na taarab yake! Lakini hapo naungana naye.

GitaaMalindi: Nimesoma zote, asanteni. Nimemjibu. Naja Amu Ijumaa baada ya swala. Amesema sauti ya chini ameniwekea, ila mikato yangu michache anaipenda na hairudishi. Tumeshaanza kubishana.