Naombeni msaada: faili la kufilisika la mtu aliyeko Marekani linaonwaje?

MwanaMkomani
Assalam aleikum jamaa. Niko Lamu. Kuna mtu anaishi Marekani, jimbo la Ohio, na nina sababu ya kuamini kwamba amekwenda mahakamani huko kujitangaza mufilisi. Nasikia kesi kama hizo si siri, yeyote anaweza kuzitazama. Je, mtu aliyeko huku, asiye wakili, anaweza kuliona faili lenyewe bila mhusika kujua? Na itanigharimu kiasi gani? Nijibuni mapema tafadhali, nataka kujua kabla ya Alhamisi.

Mvuvi wa Malindi
Waaleikum salaam. Hapo Lamu usijisumbue kwa hakimu, mambo ya kufilisika ni ya Mahakama Kuu. Njoo Malindi, nenda masjala uulize. Tena Kenya tuna Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, na matangazo ya mufilisi hutoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, lile la kila Ijumaa. Tovuti ya Kenya Law unalisoma bure, na hukumu za kesi zimo humo humo. Hata Nakumatt, yale maduka makubwa, ilipowekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, waliokuwa wakiidai walifuata mambo kwa njia hizo hizo.

Mimi nayasema haya kwa uchungu. Nilikuwa napeleka kamba na changu kwenye hoteli moja huku, mwenyewe mgeni, tukiandikiana kwenye daftari na kulipwa mwisho wa mwezi. Tangazo likatoka, wadai waje na madai yao kabla ya tarehe fulani. Nani aliniambia? Hakuna. Tarehe imepita mimi bado nashusha kamba mlango wa jikoni kwa mkopo. Mpishi anapokea, anatia saini, na anajua. Mpaka leo nikimuona sokoni ananikwepa.

Minneapolis254
Pole sana Mvuvi, lakini mwenzetu ameuliza ya Marekani.

MwanaMkomani, huku kesi za kufilisika haziendi mahakama za majimbo. Zote ni za mahakama za shirikisho, na ndiyo maana mafaili yake yanapatikana kwa mlango mmoja, mtandao wa mahakama unaoitwa PACER. Fungua akaunti ya kutazama kesi tu, kuwa nje ya Marekani hakukuzuii. Weka kadi ya benki wakati wa kujisajili, la sivyo unaweza kujikuta unangoja msimbo kwa posta, na Alhamisi yako itapita. Ndani yake mna chombo cha kutafuta jina nchi nzima, PACER Case Locator. Anzia hapo.

Gharama ni senti 10 za dola kwa ukurasa, na hati moja haizidi dola 3 hata ikiwa na kurasa mia. Kutafuta jina nako kunahesabiwa kwa kurasa, kwa hiyo usibofye ovyo. Lakini ukiwa umetumia dola 30 au chini katika robo ya mwaka, hulipishwi kitu. Kwa faili la mtu mmoja hutafika huko. Kabla ya yote pita tovuti ya CourtListener, kuna watu huweka bure nakala za hati ambazo wengine walishazichukua PACER. Na la, mhusika haletewi habari kwamba fulani amelifungua faili lake.

Pilipili_Hoho
Alhamisi kuna nini?

MwanaMkomani
Ahsante sana Minneapolis254. Pilipili, ni mambo ya kifamilia tu.

Mama Zuhura
Mwanangu, mambo ya kifamilia ndiyo yanayochoma nyumba. Huyo mtu ni nani wako, na nani amekwambia amefilisika?

MwanaMkomani
Shikamoo mama. Ni shemeji yangu, mume wa dadangu mkubwa. Mtu wa hapa hapa, kaenda Marekani kijana. Hakuna aliyeniambia. Dadangu alinitumia picha ya mwanawe anakata keki. Kando ya sahani ya keki pana bahasha imefunguliwa, karatasi imetoka nusu, imepinduka. Niliigeuza simu nikaikuza mpaka herufi zikaanza kuvunjika. Juu pameandikwa mahakama ya kufilisika ya Marekani, chini kuna nambari inayoanza kwa mwaka na kistari, mbele yake imefunikwa na kisu cha keki. Jina la anayeandikiwa limekatika, limebaki la ukoo wake. Sikumuuliza dadangu. Nimuulize vipi?

Ustadh Pwani
Ndugu yangu, kumpekua Muislamu mwenzio si katika adabu zetu. Suratul Baqara aya ya 280 imetuelekeza, mdeni akiwa katika dhiki apewe muda mpaka afarijike. Wewe wamtafutia faili lake usiku. Kama kafilisika, muombee.

Mama Zuhura
Ustadh, endelea kusoma, usisimame hapo. Aya ya 282 yasemaje? Deni liandikwe, na mashahidi wawili wawepo. Mola hakutukataza kujua nani anadaiwa nini.

Mzaramo Halisi
Mkuu, mie nipo Dar. Shemeji yangu naye alikuja na mambo ya kampuni ya mabasi, tukampa nyumba ya marehemu mzee awekee dhamana. Leo hii nyumba ina wenyewe wengine na shemeji anaishi Dodoma kama hajui kitu. Usimpe mtu nyumba. Nimemaliza.

Pilipili_Hoho
Bado hujajibu. Alhamisi kuna nini?

MwanaMkomani
Haya. Shemeji anataka kuifanya nyumba yetu ya mtaa wa Mkomani nyumba ya wageni. Ni nyumba ya mawe, ina daka mlangoni, ina kiwanda, yaani ua wa ndani, dari zinavuja lakini kuta ni nzima. Benki imekubali kumkopesha yeye kwa sababu ana kazi nje, na dhamana ni hati ya nyumba, ambayo ni ya mama. Alhamisi mama anakwenda Mombasa kwa wakili kutia saini rehani. Mimi ndiye ninayempeleka.

Kabla hamjanirukia: nyumba hiyo ikiachwa hivi mvua mbili tatu zijazo tutakuwa tunaokota mawe. Wageni wanakuja Lamu, wanalala kwa majirani zetu, sisi twawatazama wakipita. Na dadangu ana watoto wanne kule. Mama akikataa, shemeji atamwambia dadangu kwenu hamniamini. Ndoa hiyo imeshatikisika mara moja, naijua. Mimi nataka tu kuona faili nitulize moyo, kisha tuendelee.

Minneapolis254
Dada au kaka, nisamehe. Kuna pesa yoyote ya kwenu iliyokwisha kwenda kwake?

MwanaMkomani
Hilo silo swali nililouliza.

Minneapolis254
Ndilo. Kesi ya kufilisika hugawa madeni kwa tarehe. Deni la kabla ya kufungua kesi lingepaswa kuandikwa kwenye orodha ya wadai, na anayedai angeletewa barua na kuwa na muda maalumu wa kuwasilisha dai lake. Deni lililozaliwa baada ya kesi ni jambo jingine. Bila kujua kama mlimkopesha, na lini, siwezi kukwambia uangalie ukurasa gani.

MwanaMkomani
Mama alimkopesha milioni moja na laki nane, za shamba la kule Hindi, bara ya Lamu. Ni za mwezi wa Juni mwaka jana. Yameandikwa, yana mashahidi, Mama Zuhura usihofu. Ilikuwa ya kuanzia matengenezo, atairudisha mkopo ukitoka. Ndiyo maana kusimamisha mambo sasa ni kumfungia mama mlango wa kupata chake. Mkopo usipotoka, atalipa kwa nini?

Jahazi_Kuu
Nimesoma uzi wote mara mbili. Kwanza alikuwa "kuna mtu". Akabanwa, akawa shemeji. Akabanwa, ikatoka benki. Akabanwa tena, zikatoka milioni. Na swali lake la kwanza kabisa lilikuwa je, faili linaonekana bila mhusika kujua. Jamaa, mdai huuliza pesa yangu iko wapi. Anayeuliza nani anaweza kuniona ni mdaiwa. Mimi nasema huyu ndiye shemeji mwenyewe, yuko Ohio, anapima kama watu wa Lamu wanaweza kulifikia faili lake kabla mama hajatia saini.

Mzaramo Halisi
Duh! Basi hii chai, tena ya tangawizi. Picha ya keki, kisu kimefunika nambari! Filamu hiyo.

Pilipili_Hoho
Au ni wakala anatafuta wateja wa kuwasakia mafaili. Kesho mtaona ameweka nambari ya simu.

Mvuvi wa Malindi
Mimi kisu cha keki nakiamini. Karatasi za mahakama haziwekwi mahali pa heshima nyumbani, zinaachwa popote mkono ulipochoka.

Ustadh Pwani
Mkishamwita mwongo bila ushahidi, nani atajibu mbele ya Mola?

Mama Zuhura
Awe shemeji, awe nani, jibu ni lile lile: mama asitie saini kabla faili halijasomwa. Kama ni yeye shemeji basi na ajue kwamba tumejua njia.

MwanaMkomani
Jahazi, nimekaa nikakusoma mikono ikitetemeka. Mimi ni mtoto wa mwisho wa nyumba ile, mwanamke, na ndiye ninayelala na mama. Sikutoa yote mara moja kwa sababu ni aibu ya watu wangu naiweka mbele ya wageni. Huna haki ya kunigeuza mwizi wa mamangu.

Nimefungua akaunti. Nimetafuta jina Ohio nzima, wakatoka wawili, jina moja, ukoo mmoja. Namba za kitambulisho chao hazioneshwi zote, ni tarakimu nne za mwisho, na mimi za shemeji sizijui. Nimemjua kwa anwani. Faili la mmoja wao lina mtaa na nambari ya nyumba ambayo mimi mwenyewe niliiandika kwa kalamu nene kwenye mzigo wa kanga na visheti vya Idi.

Ni Sura ya 13. Ilifunguliwa Februari mwaka jana. Haijafungwa. Nifahamisheni maana yake.

Minneapolis254
Dadangu, pole. Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika ya huku ndiyo ile ambayo mali isiyolindwa huuzwa na madeni mengi kufutwa, mara nyingi ndani ya miezi minne hivi. Sura ya 13 ni ya mtu mwenye mshahara. Anabaki na mali yake, lakini anamlipa msimamizi wa mahakama kila mwezi kwa mpango wa miaka mitatu hadi mitano. Kwa hiyo bado yumo. Na akiwa ndani ya mpango, hachukui deni jipya kubwa hivi hivi, anatakiwa kuomba ruhusa. Hata anachopata baada ya kufungua kesi kinaingia kwenye hesabu hadi mpango uishe.

Mama alimpa Juni, kesi ni ya Februari. Deni la mama limekuja baada ya kesi, kwa hiyo kukosekana jina lake kwenye orodha si ajabu, na kwa kawaida mpango ule haulifuti. Lakini usianze kumdai kwa nguvu kabla hujaongea na wakili anayejua mambo hayo, kuna zuio la mahakama juu ya mali yake. Sasa fungua orodha ya shughuli za kesi, utafute kama kuna ombi lolote la kukopa lililokubaliwa. Mkopo wa Kenya ukiwa haumo, benki yenu haijui na mahakama haijui.

MwanaMkomani
Halimo. Nimeipitia yote kutoka juu.

Lakini kuna jambo jingine. Ukurasa wa kwanza una safu mbili za majina. La pili ni la dadangu. Ni kosa la mashine, au ndivyo wanavyoandika kila mwenye mke?

Minneapolis254
Si kosa. Mume na mke wanaweza kufungua kesi moja pamoja, lakini hawaunganishwi mpaka wote wawili watake. Tafuta mwisho wa hati ile ya kwanza, utakuta mahali pa saini mbili, na tamko kwamba yaliyomo ni kweli, ukisema uongo ni jinai. Tena wote wawili hutakiwa kwenda kwenye mkutano wa wadai na kuhojiwa chini ya kiapo.

MwanaMkomani
Saini ipo. Ndiyo yake.

Mama Zuhura
Basi alikuwa anajua, na picha ya keki alikutumia yeye. Mwanangu, mimi nina mabinti. Mtu aliyekatazwa kusema hupata njia ya kuonesha. Mpigie wewe, mume akiwa kazini, na usianze kwa lawama.

Jahazi_Kuu
Dada, nayafuta niliyoyasema. Wakili wa Mombasa mpelekee nakala ya ukurasa wa kwanza. Asiposoma, badilisha wakili.

MwanaMkomani
Nimempigia. Amelia kwanza, halafu akasema "alhamdulillahi umeiona." Mengine aliyosema ni yake, sitayaweka hapa. Benki nimeshawaambia mama hatii saini. Shemeji bado hajapiga, na akipiga nitampokea, yeye ni baba wa watoto wetu, lakini hati haitoki kwenye sanduku la mama.

Zile za shamba la Hindi ndizo zilizobaki. Kuna anayemjua wakili Malindi au Mombasa aliyewahi kushika dai la mtu aliye kwenye kesi ya Marekani? Anitumie ujumbe. Nina mkataba, nina majina ya mashahidi, na faili lote nimelihifadhi.