Fonksioni moja, majibu mbili: namna gani ya kurudisha dola na franka pamoja mu Python?

kijana_birere (Goma)
Salamu bandugu, naandika kaprogramu ka butiki ya yaya yangu huku Birere, munajua vile inaendaka, bei iko ku dola, mukiriya analipa dola, lakini baki unamupa dola kidogo na ingine franka juu yaya hapendi karatasi ya dola moja moja, chini ya tano anarudishaka franka tu. Sasa fonksioni yangu inapashwa kunipa vitu mbili mara moja. Mwisho yake niliandika hivi:

    return dola
    return franka

Inanipa dola tu, franka haionekane, na haileti kosa yoyote!! Mwenzangu aliniambia niweke franka mu global (variable ya inje ya fonksioni, yenye programu nzima inaona), inatembea kweli lakini roho yangu haitulie. Ku masomo tulifanyaka C na mwalimu alisema fonksioni inarudisha kitu moja, basi. Munisaidie.

fundi_kadutu (Bukavu)
Mudogo, return ya kwanza ikifika fonksioni inaisha palepale, mustari ya pili haisomwake hata siku moja, njo maana hauone kosa. Weka koma:

    def baki(bei, pesa, kiwango):
        tano, mabaki = divmod(pesa - bei, 5)
        return tano * 5, mabaki * kiwango

    dola, franka = baki(13, 20, 2800)

Kiwango ya 2800 nimeweka ya mufano tu, utaweka ya siku. Utapata 5 na 5600. Divmod nimeitumia makusudi, yenyewe inarudishaka mbili: tano inaingia mara ngapi, na kinachobaki. Na ile global uiache, ukimuhudumia mukiriya wa pili ile franka ya wa kwanza imeshafutika na hakuna mwenye atajua ilifutikia wapi.

mwana_lushi (Lubumbashi)
Njo vile, lakini tuseme ukweli, Python hairudishe bintu bibili. Inarudisha kimoja, tuple, ile koma njo inabifunga pamoja na kule inje unabifungula. Jaribu print(baki(13, 20, 2800)) utaona (5, 5600) na mabano yake. Kwa hiyo mwalimu wako wa C hakudanganya batu. Mu C ungetuma anwani ya variable mbili (int *dola, int *franka) fonksioni ibijaze, ao urudishe struct (fungu moja yenye bintu mbalimbali ndani), hata div() ya C yenyewe inarudishaka struct, div_t, yenye quot na rem ndani. Benye kurudisha bingi kabisa bila kufunga ni kama Go, kule kila fonksioni karibu inakupa jibu na kosa pamoja. Mi ku kazi niko na Java, kule hakuna, tunatumikaka record (klasi fupi ya kubeba data tu), ile ilikuja rasmi mu Java 16 mu 2021, mbele ya pale unaandika klasi nzima juu ya namba mbili, mateso tupu.

mama_wa_kodi (Goma)
Ninyi wote muko sawa lakini mie kitu yenye inaniogopesha hapo ni mupangilio. Siku moja kijana ataandika franka, dola = baki(...) na Python itanyamaza kimya, zote ni namba, na yaya ataona ku ekra arudishe dola 5600 😂 Zipatie majina:

    from typing import NamedTuple

    class Baki(NamedTuple):
        dola: int
        franka: int

Kisha return Baki(tano * 5, mabaki * kiwango), na kule inje unaandika b = baki(13, 20, 2800), b.dola, b.franka, hauwezi kuchanganya. Tena kesho yaya akitaka kitu ya tatu, tuseme punguzo, kila mahali ulifungua kwa koma itakupigia "too many values to unpack", lakini wenye wanaita kwa jina hawatasikia kitu.

fundi_kadutu (Bukavu)
Mama sikatai, lakini kaprogramu ka mistari makumi mbili, klasi ya nini? Mie mbili naacha na koma, ikifika tatu ndipo natoa majina.

mama_wa_kodi (Goma)
Pesa si sawa na x na y. Ni makuta ya watu.

kijana_birere (Goma)
Aksanti sana, nimeweka NamedTuple, inatembea. Ya mwisho: mukiriya akitoa pesa haitoshi nirudishe None (yaani hakuna kitu)?

mwana_lushi (Lubumbashi)
Hapana. Ukirudisha None, pale inje ukiandika b.dola Python itakutapikia AttributeError mbali na mahali shida iko. Na usiache hivi hivi pia! Bei 13, pesa 10, divmod(-3, 5) inakupa -1 na 2, juu Python inashukaka chini ku namba za hasi. Programu itakuambia mukiriya aongeze dola 5 na weye umupe franka 5600, hesabu iko juste lakini batu batakucheka. Weka mbele ya divmod:

    if pesa < bei:
        raise ValueError("pesa haitoshi")

Kisha kule unaita, uweke try na except, na umuonyeshe yaya hiyo maneno ku ekra.