MREJESHO: GPS kwenye pikipiki, mluzi kwenye spika za helmeti umeisha

Wakuu, niliuliza kwa nini GPS inajizima nikipiga starta, na kwa nini spika za helmeti zinatoa mluzi unaopanda kadiri injini inavyokolea. Nimefuata ushauri, majibu haya hapa.

Kujizima: umeme wa GPS ulitoka kwenye waya wa taa ya nyuma, ambao ni mwembamba. Sasa waya huo unaamsha rilei tu, yaani swichi inayowashwa kwa umeme (pini 86; pini 85 inaenda hasi). Chanya ya betri inapita fyuzi ya 2A, kisha pini 30, na 87 inalisha kibadilishaji cha 12V kwenda 5V. Chagueni kinachoendelea kufanya kazi hata umeme ukishuka mpaka 8V, maana starta ikivuta, betri inashuka sana. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Ikikaa mbali, kipande cha waya kabla yake hakina ulinzi.

Mluzi ndio uliosumbua. GPS ilipata hasi kwenye fremu, intakomu (kifaa cha mawasiliano chenye spika za helmeti) kwenye betri, na waya wa sauti ukaziunganisha tena: kelele za umeme wa kuchaji betri zikapita humo. Nimepeleka hasi zote kwenye nguzo moja ya betri. Ukabaki mnong'ono, ukaisha baada ya kuweka transfoma ndogo ya kutenganisha sauti yenye jeki za 3.5 mm. Anayetumia bluetooth hahitaji kitu hiki.

Kabla ya kufunga nyaya, geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili uone hazivutwi, na ziwe mbali na koili ya plagi.