Asian Games na huu upuuzi wa "chagueni viwili": bingwa wa takraw anaambiwa akae nje halafu sisi tunashangilia dhahabu ya nini?

Wakuu habari zenu, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa nimevurugwa, mwenye haraka apite tu asije kuniandikia "fupisha mkuu" huko chini.

Najua wengi hapa mchezo hamuujui so niweke sawa kwanza. Sepak takraw ni kama voliboli ila mikono hairuhusiwi kabisa, ni miguu, kichwa, kifua, goti basi. Watatu kwa watatu, uwanja saizi ya ule wa badminton, wavu unakufika shingoni (wanaume mita 1.52), mpira mdogo umesukwa una matundu, zamani ulikuwa wa henzirani sasa hivi plastiki, ukiushika unafanana na vile vikapu vidogo vya ukili wanavyouza kina mama kule kwetu Tanga ila mgumu kama jiwe, usiombe ukupige paji la uso. Yule anayeanzisha wanamwita tekong, mguu mmoja anauweka ndani ya kiduara mwenzie anamrushia mpira kwa mkono (hapo tu ndo mkono unaruhusiwa) yeye anaupeleka mguu juu kupita kichwa chake mwenyewe anaushusha upande wa pili. Na mshambuliaji ndo msiseme, anaupa wavu mgongo, anaruka tikitaka, anapigilia mpira akiwa miguu juu kichwa chini halafu anatua na miguu yake kama paka. Mayele yule straika wa zamani wa Yanga angeona angeomba maji.

Mimi nimesoma Malaysia miaka kadhaa, hostel yetu ilikuwa na kiwanja cha saruji nyuma, kila jioni vijana wa Kimalay wako pale wanapiga, na mimi kwa kujifanya nimecheza ndondo za mtaani Makorora Tanga nikaingia siku ya kwanza nikapiga mpira ukaenda juu ya paa la kantini, wakacheka mpaka wakakaa chini. Ila walinifundisha. Nikaupenda mchezo kuliko hata mpira wa miguu sijui nikoje.

Sasa 2018 Asian Games (kama Olimpiki ila ya nchi za Asia tu) ziko Indonesia, takraw ilichezwa Palembang. Malaysia wameingia fainali ya regu wanaume, regu ndo hiyo ya watatu watatu, yaani ndo takraw yenyewe. Malaysia mara ya mwisho kubeba dhahabu Asian Games ilikuwa 1994 Hiroshima, kabla ya hapo 1990 Beijing mchezo ulipoingia kwa mara ya kwanza, tangu hapo ni Thailand Thailand Thailand. Miaka 24 watu wanasubiri! Tuko mgahawani kwa mzee mmoja tunamwita pakcik, mgahawa umejaa mpaka watu wamekaa kwenye makreti ya soda, chai ya maziwa imepoa mezani hakuna anayeigusa. Wanaifunga Indonesia, aisee ule mgahawa ulilipuka, pakcik anatoa chapati bure, mzee wa watu analia kabisa machozi na kitambaa cha kufutia meza kiko begani, mimi Mtanzania nimekumbatiwa na watu nisiowajua, nimeimba wimbo wa taifa usio wangu.

Kesho yake niko darasani na shati la njano najidai, nikamchokoza Mthai tuliyekuwa naye, nikamwambia jamani poleni leo mmekaliwa. Akaniangalia kwa upole kabisa, hakuwa hata na hasira, akasema "ila sisi kwenye regu hatukuwepo."

Nikajua ananitania. Nikaingia kuangalia matokeo kuanzia makundi, kweli, Thailand HAYUPO. Si kwamba katolewa, hayupo kabisa.

Kumbe kwenye Asian Games nchi haiingii vipengele vyote vya takraw, mnaambiwa chagueni viwili upande wa wanaume viwili upande wa wanawake basi. Thailand wakachagua vingine regu wakaiacha. Yaani mabingwa wa dunia, watu ambao mchezo wenyewe nusu ya jina ni la kwao (sepak ni Kimalay maana yake teke, takraw ni Kithai), wameachwa wanaangalia kwenye TV kama mimi.

Nifanyeje sasa na ile furaha yangu? Na yule mzee pale mgahawani alielia? Sikumwambia, nilishindwa.

Wakuu hebu fikirieni TFF waseme msimu huu kila timu ichague, ligi au kombe. Yanga wachague kombe. Simba wachukue ligi. Halafu shabiki wa Simba aje kutamba hapa jukwaani, si atazomewa mpaka afute akaunti? Na yeye kosa lake nini, timu yake imecheza na waliopangiwa, imeshinda. Ndo hicho kinachonikera, huu utaratibu unamwibia aliyeachwa nje na unamwibia hata aliyeshinda, medali iko shingoni ila kila mtu anayejua mchezo anakuangalia kwa jicho la "haya bwana".

Na msiniambie ilitokea tu bahati mbaya mwaka mmoja. 2018 zilikuwa dhahabu sita, Thailand wakabeba nne, mbili zikaenda Malaysia na Indonesia. Zikaja zile za Hangzhou za 2022 zilizosogezwa 2023 kwa ajili ya korona, takraw wakaipeleka Jinhua, dhahabu sita tena, safari hii Thailand wakarudi kwenye regu, na wakaibeba. Wakabeba na timu-regu (hapo nchi inaleta regu tatu, zinapambana moja moja), wanaume na wanawake, nne tena! Wakaacha ile ya wanne wanne, kwadranti, ya wanaume ikachukuliwa na Myanmar ya wanawake Vietnam. Mnaona mchezo ulivyo? Wanaingia vinne wanabeba vinne, kilichobaki ndo wengine wanagombania. Hii siyo mashindano, hii ni Thailand wanachagua sahani halafu wengine tunaambiwa haya karibuni makombo.

Nawajua watu humu mtakuja na hoja kwamba bila hivyo Thailand watabeba zote sita mchezo utakufa, medali zigawanywe nchi ndogo zipate moyo, idadi ya wachezaji kwenye kijiji cha wanamichezo ina kikomo. Sawa. Mabinti wa Vietnam walicheza vizuri mno ile fainali na Indonesia na dhahabu wameitolea jasho, simnyang'anyi mtu. Ila kama shida ni Thailand kubeba zote si mpunguze vipengele vibaki viwili, regu na timu-regu, kila mtu aingie aliye bora abebe? Kwani nani alilazimisha viwe sita? Mnaongeza medali mpaka zinakuwa nyingi kuliko timu zenye uwezo halafu mnaweka geti mlangoni ili zitoshe kugawana, si bora mgawe pilau tu. Na mtu amfunge Thailand uwanjani basi! Nao ni watu, wanafungika, ndo maana tunaangalia. Myanmar wenyewe wanacheza chinlone, mchezo wao wa jadi wa kupiga mpira wa henzirani kwa miguu, tangu enzi za mababu, miguu ile si ya kuonewa huruma na mtu wa ofisini.

Ya waamuzi sigusi leo maana nitalala na presha. Mabinti wa Indonesia 2017 kwenye SEA Games (michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia) pale Kuala Lumpur walitoka uwanjani katikati ya mechi na Malaysia kwa sababu kila tekong wao akianzisha mwamuzi anaita kosa la mguu, hiyo nayo ina uzi wake siku nyingine. Wala sisemi habari ya kutafuta stream ya kuangalia huku bongo, king'amuzi nimelipia mwezi mzima, mechi imefika pointi za mwisho wanahamia kwenye kuogelea, kuogelea kwenyewe mchujo wa asubuhi.

Asian Games za Nagoya, Japan, 2026 hizo zinakuja na mimi nimeshachoka kushabikia na kalkuleta.

EDIT: Mkuu hapo juu unayeuliza "Tanzania inahusika vipi", haihusiki, nimekwambia nilikuwa naishi huko, pita.

EDIT 2: Nimemtafuta yule Mthai WhatsApp, yuko kwao Songkhla siku hizi, nikamuuliza Nagoya regu mtakuwepo? Kanijibu na kile kiemoji cha kuinua mabega halafu kauliza "Malaysia wao wanaingia ipi?"