Nondo huyu mwembamba anayekaa kwa umbo la T ni nani? (Mambrui, Malindi)

BintiMambrui
Salam aleikum wakuu, naomba msaada. Magharibi tukiwasha taa ya barazani kuna kadudu kanakuja kutua ukutani, kamwili kembamba, mbawa kanazinyoosha huku na huku hadi kanafanya umbo la T, miguu mirefu ina vimiba, rangi kahawia. Mamangu ashikilia ni mbu lakini nikikavuta kwa kamera ya simu naona ncha za mbawa zimechanika. Nyuma ya nyumba kuna ua wa lantana na mfiwi umetambaa juu yake. Nataka jina la spishi kabisa.

Mzee_wa_Gede
Si mbu mwanangu, ni nondo, familia ya Pterophoridae. Wengi wao bawa la mbele limepasuka vipande viwili na la nyuma vitatu, akitulia la nyuma analificha chini ya la mbele ndo maana unaona vijiti tu. Ungekuta kila bawa lina vipande sita ningekwambia ni Alucitidae, hao ni wengine.

nondo_pwani
Mzee yuko sawa. Sasa spishi: kwa ua wa lantana wa kwanza kumshuku ni Lantanophaga pusillidactyla, asili yake Amerika ya kitropiki, mwaka 1902 alipelekwa Hawaii makusudi ili viwavi wake wale maua ya lantana, na siku hizi Afrika yupo. Ila fiwi nayo ina mgeni wake, Sphenarches anisodactylus. Wote wadogo wote kahawia, kwa picha ya ukutani nakusihi usimbandike jina, hata wataalamu mara nyingi wanapasua tumbo waangalie viungo vya uzazi kwa hadubini. Njia yako wewe ni kiwavi. Asubuhi chungulia ndani ya vishada vya maua, ukimpata mtie kwenye chupa na maua yaleyale, mdomo ufunge kitambaa chepesi, umlee mpaka atoke nondo. Ukijua alikula nini umeshapunguza majina mengi sana.

BintiMambrui
Shukran sana! Kwenye mfiwi kuna maua yametobolewa, nao niwalee?

nondo_pwani
Walee, ila chupa yao mbali, usichanganye, na juu andika mmea na tarehe. Akitoka ngoja mbawa zikauke ndo upige picha, kutoka juu na ubavuni, halafu tuwekee hapa.

Mzee_wa_Gede
Na wakifa usiwatupe, Makumbusho ya Taifa Nairobi wana kitengo cha wadudu.