Mtoto wa kulea wa miaka miwili, Noeli na Bonane (Mwaka Mpya)

Mama wa Kadutu (mtaa wa Bukavu, kama Ibanda na Bagira): Tumeletewa mtoto wa miaka miwili tumlee kwa muda. Ukoo wote unakuja Noeli. Nimuandae namna gani?

Dada wa Ibanda: Mama, wageni waje wawili wawili, tena mchana. Asipitishwe mkono kwa mkono. Akae magotini pako, awafuate mwenyewe akitaka. Anayemlaza kila siku ndiye amlaze usiku wa sikukuu. Na nguo aliyokuja nayo usiifue haraka: harufu yake inamtuliza.

Baba wa Bagira: Chakula ndicho kinachosumbua zaidi. Mtoto aliyejua njaa huweza kula mpaka atapike, hivyo mpe kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Karanga nzima usimpe kabisa, zinaziba koo. Nyama ichambue nyuzi nyuzi. Akiharisha, koroga pakiti moja ya SRO (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, umnyweshe kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, uendelee polepole. Maji ya SRO yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Akiwa mlegevu au hanywi, kimbia hospitali.

Dada wa Ibanda: Picha zake zisiende WhatsApp, hata kwa shangazi. Na usimvushe mto Ruzizi, mpakani na Rwanda, bila ruhusa ya maandishi kutoka kwa waliomkabidhi kwako.